Faragha ya kijani penye joto na ukame: mwongozo kamili kwa nyumba za Moshi na Arusha

Ukishuka kutoka Moshi mjini kuelekea mashamba ya miwa ya TPC, au ukitoka Arusha ukashika barabara ya Dodoma hadi Kisongo, unakutana na viwanja vipya vilivyofyekwa vikabaki uwanja mtupu. Nyumba imekwisha, familia imehamia, na kila apitaye njiani anajua mmeamka saa ngapi na mmekula nini. Ukuta wa tofali kuzunguka kiwanja kizima ni mzigo ambao wengi hawauwezi mara tu baada ya kujenga. Ndipo watu wanapogeukia kijani. Mmoja ananunua majani ya plastiki, mwingine anajaribu ukuta wa mimea ya mifukoni aliouona kwenye simu, mwingine anapanda uzio kama walivyofanya wazazi wake.

Njia zote tatu zinafanya kazi. Hasara inakuja pale kitu kizuri kinapowekwa mahali pasipo pake, na nimeona hela nyingi za watu zikipotea hivyo. Kwa hiyo msimamo wangu nauweka mbele. Kwenye joto na ukame wetu, faragha ya kudumu inatoka kwenye mizizi iliyo ardhini. Neti na majani ya plastiki yakusitiri wakati uzio unakua, au yakae mahali ambapo mmea hauwezi kuishi. Ukuta wa mifuko ni wa eneo dogo, karibu na bomba, kwa nyumba ambayo daima ina mtu.

Anza na kamba kabla ya miche

Kabla ya kununua chochote, jua macho yanatoka wapi. Mpita njia ana macho kwenye usawa wa mita 1.5 hivi, kwa hiyo uzio wa mita 1.8 unamtosha. Jirani wa ghorofa ni hesabu nyingine. Tuseme dirisha lake liko mita 8 kutoka mpakani, na akisimama pale macho yake yako mita 4.5 kutoka ardhini. Wewe umekaa barazani, kichwa chako kiko mita 1.2, na baraza liko mita 3 kutoka mpakani. Mstari wa macho yake unavuka mpaka kwenye urefu wa mita 2.1, na uzio wa kawaida unaweza kufika hapo. Baraza likiwa mita 6 kutoka mpakani, unahitaji mita 2.6. Ukisogeza kiti hadi mita 1 tu kutoka kwenye uzio, mita 1.6 zinakusitiri.

Kinga ikiwa karibu na wewe, haihitaji kuwa ndefu. Wengi wanapandisha mpaka mzima juu wakati kipande cha mita 4 kando ya baraza kingemaliza kazi. Keti pale unapopenda kukaa jioni, mtu asimamishe mti mrefu mpakani, mwingine avute kamba kutoka kichwani kwako kuelekea dirisha linalokusumbua. Pale kamba inapogusa mti, weka alama. Huo ndio urefu unaoutaka.

Ukiwa kwenye kazi hiyo, tafuta mawe ya mpaka na uyaonyeshe kwa jirani. Panda ndani ya mpaka wako, walau nusu mita, ili uweze kukata upande wa nje bila kuomba ruhusa kila mara. Angalia juu pia: chini ya nyaya za TANESCO usipande chochote kitakachozifikia. Na kama bomba la maji linapita pembeni ya kiwanja, jua lilipo kabla ya kuchimba.

Jua la kwetu halifuati vitabu vya Ulaya

Miongozo mingi ya mtandaoni imeandikwa kwa nchi za kaskazini, ambako ukuta unaotazama kusini ndio wenye jua mwaka mzima. Sisi tuko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Oktoba hadi karibu katikati ya Machi, jua la saa sita liko upande wa kusini. Miezi iliyobaki liko kaskazini. Ukiwa Moshi huhitaji dira, kaskazini ni upande wa mlima. Arusha ni upande wa Meru, ingawa Meru inaegemea kidogo mashariki.

Hii ina maana kubwa. Kiangazi kikali cha Januari na Februari, ukuta unaotazama mlimani una kivuli mchana. Hapo ndipo mimea ya mifukoni ina nafasi ya kuishi. Ukuta unaotazama kusini ndio unaopigwa miezi hiyohiyo. Wa mashariki unapata jua la asubuhi, ambalo mimea mingi inalivumilia. Wa magharibi ndio mgumu kuliko zote: kuanzia saa nane hadi magharibi unapokea jua wakati hewa nayo imeshachemka, na tofali linaendelea kutoa joto hata baada ya giza. Upande huo weka uzio wa ardhini wenye ngozi ngumu. Plastiki itapauka huko kwanza, na mifuko itakauka huko kwanza.

Piga hesabu ya maji kabla ya hesabu ya hela

Uzio wa michongoma wa mita 15, mche mmoja kila sentimita 40, ni miche 38. Ukiipa lita 5 kila mche mara mbili kwa wiki katika ukame wa mwaka wa kwanza, ni lita 380 kwa wiki, sawa na karibu ndoo tatu za lita 20 kwa siku. Mwaka wa pili unapunguza, na ikishashika mvua inaitosha.

Sasa chukua ukuta wa mifuko. Mita moja ya mraba inabeba mifuko kama 16 ya lita 3. Kwenye joto la Moshi, panga nusu lita kwa kila mfuko kwa siku, yaani lita 8 kwa mita ya mraba. Uzio wa mita 15 kwa urefu wa mita 2 ungekuwa mita za mraba 30, yaani lita 240 kila siku, mwaka wa kwanza hadi wa kumi. Maji yakikatika siku tatu Februari, mifuko imekufa, wakati michongoma haitakuwa imeona tofauti.

Maji ya kuoshea vyombo na kufulia yanafaa kwa uzio, mradi hayana jiki wala dawa kali. Yasifike kwenye mboga.

Mmea gani, kwa mahali gani

Kule juu Uchagani, mipaka ya vihamba, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, ni masale, na kila mtu anajua heshima ya mmea huo. Tatizo ni pale mtu anapoteremsha miche ya isale hadi Mabogini au Boma Ng'ombe akaipanda juani. Isale linapenda kivuli cha migomba na ardhi yenye unyevu. Tambarare linaungua majani na kubaki fimbo. Kama unalitaka kwa heshima yake, liweke upande wa mashariki wa nyumba, chini ya mti, na ulimwagilie.

Kwa uzio wenyewe, chaguo langu la kwanza ni mchongoma, ule ambao kitaalamu unaitwa Dovyalis caffra. Taja jina hilo kitaluni kwa sababu michongoma iko ya aina zaidi ya moja. Huu una miiba mirefu migumu, majani mazito ya kijani, na matunda ya njano machachu yanayofaa kwa jamu. Ni mti wa kusini mwa Afrika, umezoea ukame, na unakubali kukatwa mara nyingi. Kasoro yake ni kwamba unaanza taratibu: hesabu miaka miwili hadi mitatu kabla haujafunga vizuri. Wahenga walisema kupanda mchongoma kushuka ndio ngoma, na mwizi anaijua methali hiyo kwa ngozi yake. Watoto wako pia wataijua, kwa hiyo usiupande kando ya sehemu wanayochezea mpira.

Bogenvilia ndiyo rafiki wa fensi ya chenlinki na wa ukuta wa magharibi. Panda kila mita moja hadi moja na nusu, uifunge kwenye waya inavyopanda. Ikishashika inachanua zaidi ikinyimwa maji kidogo. Ukiibembeleza kwa maji mengi inatoa majani matupu.

Jirani wa ghorofa mpe miashoki. Inaenda juu wima bila kutanua matawi, inakaa vizuri kwa nafasi ya mita moja, na joto la Moshi inalipenda. Inahitaji maji ya uhakika miaka miwili ya mwanzo. Usiikate kichwa kabla haijafika urefu wa ile alama yako ya kamba.

Mnyaa unaota kwa kipande cha tawi tu, hata kwenye ardhi ngumu kabisa. Ukikata vipande, viache kivulini siku kadhaa jeraha likauke ndipo uvichomeke. Ila maziwa yake ni hatari kwa macho. Vaa miwani na glavu; yakiingia jichoni osha kwa maji mengi ya kutiririka na uende hospitali mara moja. Nyumba yenye watoto wadogo iuache. Mbono kaburi nao unaota kwa fimbo, haupendwi na mbuzi, lakini mbegu zake ni sumu na zina ladha inayomvutia mtoto. Duranta ni nzuri kwa macho na inafaa zaidi Arusha yenye ubaridi. Tambarare itakudai maji, na vitunda vyake vya njano ni sumu vilevile.

Mbili nakushauri uziache. Lantana inasambaa hadi mashambani na kuwadhuru ng'ombe na mbuzi. Misaiprasi, iliyopendwa sana zamani, inasumbuliwa na vidukari vilivyoingia ukanda wetu miaka ya 1980, na ikishakauka upande mmoja hapo hapachipui tena.

Kupanda, hatua kwa hatua

Chimba mtaro Januari au Februari, wakati huna haraka. Upana sentimita 45, kina sentimita 45. Udongo wa juu, ule mweusi, uweke upande mmoja. Wa chini uweke upande wa pili. Uache mtaro wazi wiki mbili tatu jua liupige.

Tafuta samadi iliyooza vizuri. Chukua ngumi moja uibane: ikiwa bado ina harufu kali ya zizi na moto ndani ya lundo, haijaiva na itaunguza mizizi. Iliyoiva ina harufu ya udongo wa msituni na inamomonyoka mkononi. Weka debe moja kwa kila mita ya mtaro, changanya na ule udongo mweusi, urudishe. Usijaze hadi juu. Uso wa mtaro ubaki chini ya ardhi kwa sentimita 10, ili kila tone la mvua litafute miche yako kwanza. Kama unaweza kuelekeza maji ya paa hadi hapo, fanya hivyo sasa.

Sehemu za chini kuelekea Kahe kuna ardhi inayoacha unga mweupe maji yakikauka. Hiyo ni chumvi. Hapo ongeza samadi, na kila unapomwagilia mwaga maji mengi yashuke nayo chini. Kumwagilia kidogo kidogo kunaipandisha.

Miche iliyolelewa kivulini isipelekwe juani siku hiyohiyo. Izoeshe: jua la asubuhi kwanza, kisha nusu siku, kwa wiki moja hadi mbili. Panda masika yakianza kushika, kwa kawaida nusu ya pili ya Machi, siku yenye mawingu au jioni. Vuli ya Novemba inafaa pia kama una maji ya kuivusha miche Januari na Februari. Chana kiriba cha plastiki ukitoe chote. Kikibaki mizizi inajizungusha humo na mche unadumaa. Shingo ya mche ikae usawa uleule iliokuwa nao kwenye kiriba. Kanyaga taratibu kwa nyayo, mwagilia lita 5.

Kisha matandazo. Maganda ya mpunga yanapatikana kwenye mashine za kukoboa za Lower Moshi, na maganda ya kahawa ni ya kwetu wenyewe. Majani makavu ya migomba yanafaa pia. Unene wa sentimita 7 hivi, lakini acha kiganja kizima wazi kuzunguka shina. Matandazo yakigusa shina mchwa wanapata daraja. Ukiona njia zao za udongo zikipanda, zivunje na ufukunyue matandazo pale.

Mbuzi watapita. Zungushia matawi ya miiba miaka miwili ya mwanzo.

Pazia la muda

Miaka hiyo miwili hutaki kukaa uchi. Simika mirunda kila mita 2, izikwe sentimita 60 na kushindiliwa kwa mawe na zege, uvute waya tatu, kisha funga neti ya kivuli ile inayotumika kwenye vitalu. Chagua inayopitisha upepo. Kinga iliyozibwa kabisa inashika upepo kama tanga, na upepo wa Kisongo utaing'oa na nguzo zake. Mabanzi yanafaa pia ukiacha mwanya wa vidole viwili kati ya banzi na banzi. Weka pazia upande wa nje wa miche, nayo ikue ikitazama ndani, na uache nafasi ya mkono kupita.

Majani ya plastiki: wapi na vipi

Mahali pake halisi ni baraza lenye paa, kibaraza cha ghorofani, au uchochoro wa zege ambako huna udongo. Chini ya kivuli yanadumu. Juani, rangi ya kijani inaanza kugeukia bluu, kisha inapauka, kisha majani yanakatika ukiyashika.

Usinunue kwa kuangalia picha. Omba kipande kimoja cha mfano. Kikunje nusu ya majani: yanayorudi kama yalivyokuwa ni afadhali kuliko yanayobaki na alama nyeupe. Geuza nyuma uone wavu unaoyashika; ukiwa mwembamba kama uzi, achana nao. Yale ya kitambaa yanashika vumbi na kupauka upesi kuliko ya plastiki ngumu. Kisha fanya jaribio ambalo duka halitakufanyia: kipeleke kipande darini au juu ya bati, nusu ukifunike kwa kipande cha mbao, ukiache Januari na Februari yote. Ukikifunua Machi, linganisha nusu mbili. Kama tofauti inaonekana kwa jicho tu ukiwa umbali wa hatua tatu, hayo si ya juani. Dhamana ya kuhimili jua muuzaji aiandike kwenye risiti.

Vipande vingi ni vya sentimita 50 kwa 50, vinne kwa mita ya mraba. Ukuta wa mita 12 kwa mita 1.8 ni mita za mraba 21.6, vipande 87. Ongeza vitano vya kukatia kona.

Usivibandike kwa gundi. Piga mbao zilizotiwa dawa ukutani kwa skrubu na plagi, kila sentimita 60, uzishikize weldmeshi, ndipo ufunge majani juu yake. Nafasi hiyo ya nyuma inapitisha hewa na kuuacha ukuta ukauke baada ya mvua. Funga kila kipande kwenye kona nne na katikati. Vifungo vya plastiki vyeupe vinakatika juani. Tumia vyeusi, au waya wa kufungia wenye mabati. Vumbi la Julai hadi Oktoba litayafanya ya kijivu, kwa hiyo yapige brashi laini na maji. Na hili ni la usalama: plastiki inayeyuka na kushika moto. Jiko la mkaa, jiko la nyama choma na shimo la kuchomea taka vikae mbali nayo kabisa.

Ukuta wa mifuko, ukiutaka

Mita mbili tatu za mraba, kwenye ukuta unaotazama kaskazini au mashariki, si zaidi. Udongo mbichi ni mzito: mifuko 16 ya lita 3 inafika kilo 70 kwa mita ya mraba, kwa hiyo iwe kwenye tofali, si kwenye mabanzi. Fremu ya mbao, karatasi ya nailoni nyuma ili ukuta usinyonye maji, mwanya wa sentimita 5, kisha mifuko ya viroba vilivyokunjwa mara mbili. Udongo sehemu mbili, samadi sehemu moja, maganda ya mpunga yaliyochomwa sehemu moja. Panda vinavyovumilia: alovera, portulaka, rozimari, na vile vyenye majani manene. Mnanaa na mrehani weka mistari ya chini, kwa sababu maji yanateremka na huko ndiko kunabaki unyevu. Mpira wa matone kutoka simtanki lililoinuliwa mita moja juu ya mstari wa juu wa mifuko unatosha kusukuma maji, ukiwa na chujio. Trei ya chini imwagwe kila siku mbu wasizaliane.

Kukata ndiko kunakofunga uzio

Watu wengi wanaogopa mkasi. Wanaacha michongoma iende hadi mita mbili ndipo waikate, wakashangaa kuona miguu mitupu ambayo mbwa, kuku na macho vinapita. Mche ukifika sentimita 45, ukate ubaki 30. Unaumia moyo siku hiyo, lakini chini ya kila jeraha yatatoka machipukizi mawili matatu. Yakikua sentimita 30 nyingine, kata nusu. Endelea hivyo hadi juu. Uzio unafungwa kuanzia chini, na chini kukishaachwa wazi hakufungiki kirahisi.

Umbo liwe pana chini, jembamba juu: sentimita 80 kwenye kitako, 50 kwenye kilele. Jua linagusa majani ya chini na hayafi. Vuta kamba pande zote mbili kabla ya kukata, usiamini jicho. Kata mara mbili au tatu kwa mwaka wakati wa mvua. Ukikata sana Januari, machipukizi yataungua.

Pengo likitokea kwa mche kufa, usikimbilie kitaluni, kwani mche mdogo katikati ya wakubwa utanyang'anywa maji na mwanga. Chukua tawi refu la chini la mche wa jirani, likwangue ganda kidogo upande wa chini, lilaze kwenye kishimo chenye samadi, libane kwa kijiti cha panda, ufukie na uache ncha ikitoka juu. Fanya hivyo masika yakianza, na uache tawi likinyonya kwa mama yake hadi vuli. Likishashika mizizi, likate upande wa mama.